Feza Iko Pale

Watu wa Kindu kwa kutia chumvi, Mungu awasamehe. Leo ukipita sokoni utaambiwa kwamba Germaine, yule fundi wa kushona wa mtaa wa Mikelenge, aliingia bustani ya komini, yaani manispaa, na mashine ya kichawi akafukua dhahabu ya Waarabu. Uongo mtupu! Dhahabu haikuwepo, na Germaine hakupelekwa mle na tamaa. Alipelekwa na mama yake mzazi, ambaye ilikuwa siku ya nne hajatia kitu kinywani ila maji.

Chanzo cha kugoma kula kilikuwa betoni. Bustani hiyo kila mtu anaiita Jardini, ingawa maua yake ya mwisho yaliliwa na mbuzi zamani. Sasa komini ilikuwa imeamua kuitengeneza: uwanja wote wa saruji, taa za jua, jukwaa la sherehe. Mchanga ulikuwa umeshamwagwa, kazi ingeanza Jumatatu. Jirani yao Bibiche, ambaye habari haijawahi kumlalia, alikuja mbio kumweleza Mama Salama kitandani, akidhani anampelekea furaha. Mama Salama alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, na maneno yalimtoka moja moja. Siku hiyo aliinuka kwa kiwiko.

"Feza yangu iko pale," akasema. "Nyuma ya bomba. Nilizika feza pale."

Kisha akageukia ukutani. Sombe, mboga ya majani ya mihogo, akaikataa. Samaki akamkataa. Uji wa mchele wenye sukari, ambao hata mgonjwa wa kufa huramba, akausukuma na mkono ukamwagika. Kila akiulizwa ana nini, jibu lilikuwa lile lile: feza iko pale.

Germaine aliposikia neno hilo damu ilimchemka, na hapo lazima turudi nyuma kidogo, la sivyo utamwona binti mwenye roho mbaya, na hakuwa hivyo.

Kwao, feza, yaani madini ya fedha, ilijulikana. Bibi yake Mama Salama, mwanamke wa Kasongo, alimwachia bangili sita za feza nzito, na kabla ya vita alizivaa kila Idi, zikigongana mkononi hata mtu wa barabarani akageuka. Halafu vita ikaja. Mwaka wa 2002 Germaine alikuwa na miaka minane. Mama yake alimpeleka Kibombo kwa nyanya yake mzaa baba, kwa kuwa huko mihogo ilikuwa bado inapatikana. "Wiki mbili tu," alimwambia. Reli ikakatwa, Kindu ikafungwa, waasi ndani, wapiganaji wa Mai-Mai nje, na wiki mbili zikawa mwaka na nusu. Waliofaulu kutoroka walipita porini kwa miguu wakafika Kibombo mifupa mitupu, na kila walipofika Germaine alikimbia kuwatazama nyuso mmoja mmoja. Mama hakuwamo. Kilichofika ni ujumbe, kinywani mwa mwanamke aliyetembea siku kumi na moja: "Salama anasema hawezi kuja. Hawezi kuacha feza."

"Hawezi kuacha feza!" Nyanya alipiga makofi. "Mutoto wake analia hapa, ye anachunga bangili! Loo!"

Basi Germaine alilimeza neno hilo, na neno likakaa. Vita ilipopoa alirudi Kindu akamkuta mama yake mikono mitupu, bangili hazipo, na baba, aliyekuwa mtu wa reli, amekwisha kufa. Hakuuliza. Mama naye hakusema. Mara moja tu, binti akiwa na miaka kumi na sita, waligombana juu ya mambo ya shule, na likamponyoka: "Ungebaki na feza yako basi! Ulinizaa ya nini?" Mama Salama alimkazia macho, akaingia chumbani, na siku tatu hakusema na mtu. Germaine alidhani mama ameshikwa na haya. Akafurahi, ndiyo, alifurahi, na tangu siku ile waliishi nyumba moja kwa adabu tupu, kama wapangaji wawili.

Kwa hiyo sasa aliona njia ni moja. Azifukue bangili kabla ya betoni, azitupe mapajani mwa mama, mama ale. Na yeye mwenyewe aone kwa macho yake kitu kilichofanya aachwe Kibombo.

Mashine alikuwa nayo Djuma, mtu wa Kalima, mchangamfu, mwenye tumbo. Aliinunua kwa mtafuta dhahabu mmoja wa Punia aliyekata tamaa. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani ya duara mwishoni, na waya uliopanda hadi kwenye vidude vya masikioni. Jina lake halisi ni detekta, ya kutafutia vyuma ardhini, lakini Djuma aliiita Madame, kwa sababu, alisema, inasema sana na mara nyingi iko na haki.

Jumamosi asubuhi walimkuta mlinzi, sentineli wa Jardini, papa Sumaili, amesimama getini mikono kiunoni.

"Kuchimba hapa ni marufuku."

"Papa, mama yangu ni mugonjwa," Germaine akamwambia. "Alizika vitu vyake hapa wakati ya vita. Jumatatu betoni itavifunika."

Sumaili akawatazama, akatazama mashine, akatazama barabara. "Marufuku," akarudia, kisha akashusha sauti. "Lakini mukipata, munikumbuke."

Sasa, mtu ambaye hajawahi kushika detekta hudhani inaelekeza kwenye mali. Wapi! Madame alipiga kelele hatua ya kwanza: kizibo cha bia. Hatua ya tatu: kizibo. Ya tano: kijiko kisicho na mpini. Djuma akachimba, akafuta jasho, akachimba. Likaja ganda la risasi, la kijani kwa kutu, halafu jingine, halafu yakawa mengi kama njugu, na Germaine akayaweka pembeni.

"Bomba lenyewe lilikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapa," Sumaili akasema.

"Aa-a, papa, bomba ilikuwa kule," Djuma akadakia. "Mimi nilikunywa maji kule nikiwa kijana."

"Wewe mutu ya Kalima, ulikunywa pombe, si maji!"

Wakabishana nusu saa nzima, watu wazima wawili, kila mmoja na bomba lake. Madame naye akaanza kulia kila mahali, hata palipokuwa na majani tu, na Djuma akavua vidude vya masikioni akavipuliza. Germaine akageuka huku na huku. Kila kona aliiona siyo. Kichwa kilimzunguka, akaanza kujiuliza kama mama alisema nyuma ya bomba au nyuma ya bomu. Alikaribia kuwaambia wafunge virago. Ndipo alipojikwaa kwenye kipande cha saruji kilichozama majanini, chenye tundu katikati ambamo zamani mfereji ulisimama. Hapakuwa pale aliposema Djuma wala pale aliposema Sumaili.

Nyuma yake, hatua mbili, Madame alitoa sauti ambayo Djuma alikuwa hajaisikia siku hiyo, ndefu, haikatiki.

"Hii njo yenyewe," akanong'ona.

Walichimba hadi kiwiko, hadi bega. Jembe likagonga bati. Lilikuwa beseni la alumini, lile la kuogeshea watoto, limefunikizwa kifudifudi. Germaine alipiga magoti akaondoa udongo kwa mikono, akaliinua. Chini yake, nyeusi tititi lakini nzima, zilikuwa bangili sita, zimepangwa duara.

"Yoo! Mungu mukubwa!" Sumaili akapiga kofi pajani. "Mama amesema kweli!"

Germaine alizichukua zote kwa mpigo. Alicheka, akalia, akazisugua kwenye kitenge chake. Zote sita! Hakuuza hata moja! Hasira na furaha zikamkaba pamoja asijue aanze na ipi. Alikuwa anainuka wakati Djuma alipomshika mkono.

"Mama, ngoja. Iko kitu ingine."

Katikati ya duara pale zilipokuwa bangili palikuwa na kikofia cha uzi wa nailoni, cha rangi ya waridi, kidogo, cha kuenea ngumi. Ndani yake na chini yake mlikuwa na vitu vyeupe vyembamba.

Sumaili alirudi nyuma hatua tatu, akavua kofia yake. "Aa-a," akasema. "Hii si feza. Hii ni muntu."

Germaine akili yake ilikimbia huku na huko isipate pa kukaa. Mtoto wa nani? Labda mama alitumia kaburi la mtu ili wezi waogope. Labda alichimba bila kujua kuna maiti. Lakini beseni? Lakini bangili zilizopangwa? Djuma alilirudisha beseni taratibu, akakaa kando ya shimo, akaweka Madame chini majanini.

"Enda uulize mama," alimwambia. "Siye tuko hapa."

Alitembea hadi nyumbani Mikelenge asijue alipita njia gani. Mama Salama alikuwa macho, uso kwenye ukuta. Germaine aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua fundo la kitenge, akaziweka bangili juu ya shuka mbele yake.

"Feza njo hii, mama. Tumeipata."

Mama Salama akageuka. Alizitazama bangili, akamtazama binti yake, akangoja. "Hii ni bangili," akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Feza iko wapi?"

"Mama, feza si njo hii?"

"Bangili. Feza iko wapi?"

Na hapo tu, kwa umri wake wote, mwanamke aliyekulia Kindu, aliyesoma na akina Feza wawili darasani, aliyewashonea akina Feza magauni ya harusi, ndipo lilipomwingia.

"Feza ni nani, mama?"

Mama Salama alishangaa kweli. Mshangao ulimfungua ulimi kuliko dawa zote za mwaka ule.

"Mudogo wako. Ulisahau? Nilikutumia habari. Ulienda Kibombo, mimba ilikuwa ingali ndogo, sikumwambia mutu. Akazaliwa mujini, njala, maziwa ikakauka. Akaishi siku makumi ine tu, akafa. Makaburini hatufiki, ni risasi. Kwetu waaskari walijaa uani. Nikamupeleka Jardini asubuhi, na beseni yake." Akapumua. "Sikukuwa na kitu ingine ya kumupa. Nikamupa bangili."

"Walisema huwezi kuacha feza."

"Ningeacha aje? Ye peke yake pale, mbwa ya vita inafukua kila mahali. Nilikaa naye. Nikasema, Germaine iko na nyanya, Feza hana mutu." Macho yake yalijaa. "Nilingoja uulize. Siku moja ukaniambia nibaki na Feza yangu. Nikasema, basi, mutoto hamutaki mudogo wake."

Germaine alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba katika neno lile alisikia feza, alisikia bangili tu, miaka yote hiyo. Aliangusha kichwa mapajani mwa mama yake akalia kwa sauti hadi Bibiche akachungulia dirishani, akaona si mahali pake, akaondoka, na kwa Bibiche hilo si jambo dogo. Mkono mzima wa Mama Salama, ule ambao kiharusi hakikuugusa, ulimpapasa shingo.

Kisha mkono ukasimama.

"Mulimufungua?"

"Tulimufungua, mama. Hatukujua."

"Sasa mulimuacha na nani?"

"Na Djuma. Na papa Sumaili, sentineli."

"Wanaume tupu?" Mama Salama akaanza kuvuta shuka, akisukuma mguu mzito utoke kitandani. "Wanaume tupu, na mutoto muchanga? Germaine! Nisimamishe!"

Hakukuwa na pikipiki karibu, na hakuna aliyekuwa na subira ya kuingoja. Germaine alichuchumaa akampa mgongo, akamfunga kwa kitenge kifuani, akasimama. Mama yake alikuwa mwepesi, siku nne bila chakula, na pumzi yake ilimpiga sikioni. Walitoka hivyo barabarani, jua la saa sita juu yao. Bibiche aliwaona wakipita akashindwa kuvumilia.

"Germaine! Munaenda wapi na mugonjwa?"

"Kwa mudogo wangu," Germaine akajibu, na hakupunguza mwendo.