Ng'ombe Aliyetaka Umbea

Shule ile ya kilimo ilikuwa na ng'ombe saba wa maziwa, na sita kati yao walikuwa na adabu. Wa saba wanafunzi walimwita Mama Mkwe, kwa sababu ukimpelekea majani anakunusa wewe kwanza, kisha majani, halafu anageuza uso kana kwamba hujaleta kitu.

Alikabidhiwa msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Kimya. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa bwenini, maana aliweza kumaliza muhula mzima kwa "asante" na "nimeshiba". Walimu wakaona wamepatana: ng'ombe mwenye kisirani na msichana asiyegombana na mtu.

Tangu mkamuaji wa zamani astaafu kwa maumivu ya mgongo, Mama Mkwe alikuwa amefunga maziwa. Kimya alifanya yote aliyofundishwa. Aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikanda, akakikausha, akapaka chuchu mafuta, akakaa kwenye kigoda. Lita moja na nusu. Siku nyingine lita moja na teke la shukrani.

Jumatatu mwalimu wa mifugo akaja na daftari lake.

"Huyu anakula pumba za ng'ombe wawili na anatoa maziwa ya mbuzi," alisema. "Jumamosi asubuhi nampima mwenyewe. Asipofika lita sita, mwenye bucha anamchukua."

Kimya akafungua mdomo. Akaufunga. Mwalimu akaenda zake.

Usidhani hakuwa na la kusema. Alikuwa nalo, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miezi miwili aliyokuwa akimkamua, katika shule nzima, Mama Mkwe ndiye pekee ambaye hakuwahi kumuuliza, "Wewe mbona huongei?"

Jumatano baada ya vipindi akaomba ruhusa, akaenda kwa mkamuaji mstaafu, nyumba ya tatu nyuma ya shule. Mzee alikuwa amelala kifudifudi mkekani, mkewe anamkanda mgongo.

"Shikamooni. Babu, Mama Mkwe hatoi."

"Marahaba. Kwani huwa unamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Ukutani wameandika tukikamua tunyamaze."

Mzee akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha umri. "Aliyeandika hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Mimi miaka minane nilikuwa nampa umbea. Wa moto moto. Ukipoa hautaki."

"Kumbe!" bibi akasema, akabonyeza palepale panapouma. "Unayamalizia huko, mimi unarudi kuniambia umechoka!"

"Aa! Taratibu, mama! Sikiliza, mjukuu wangu. Ng'ombe hajui fulani ni nani. Anajua mkono. Mtu akisimulia jambo linalomnogea, mkono unalegea, sauti inashuka, na kiwele nacho kinalegea. Ukimsomea kama risala, anajua unaogopa."

"Mimi sina umbea, babu. Hakuna anayeniambia kitu."

Wazee wakatazamana. Umaskini wa namna hiyo hawakuwahi kuuona. Wakamkalisha chini, wakamfungulia ghala lao la umbea, na alipoondoka masikio yalikuwa mazito.

Alhamisi asubuhi alianza na mtunza stoo anayepaka nywele rangi nyeusi, na siku mvua ilipomkuta mbele ya mkaguzi. Maneno matatu ya kwanza yalikwama. La nne likatoka lenyewe. Ndoo ikaanza kulia, chwaa, chwaa. Lita nne. Ijumaa akamwaga ya mpishi aliyewaandikia walinzi wawili barua za mapenzi, akachanganya bahasha. Lita tano! Jioni akajaribu kuyarudia, Mama Mkwe akamtazama kama aliyeletewa kiporo.

Jumamosi mwalimu alisimama bandani na jagi la kupimia. Mwenye bucha aliegemea mlango, anakadiria paja. Kimya alibakiwa na kisa kimoja tu, na mwenye kisa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ndoo.

Akajaribu cha mtunza stoo. Kavu. Cha mpishi. Matone.

"Mwalimu, nilete kamba?" mwenye bucha akauliza.

Kimya akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wenye joto.

"Basi, Mama Mkwe, unamkumbuka yule mwalimu mpya? Alikuja na suruali nyeupe. Nyeupe, bandani! Akasema sogeeni niwaonyeshe kukamua kisomi. Miguu hakukufunga..."

Chwaa!

Akasikia kalamu ya mwalimu imesimama daftarini. Angeweza kunyamaza hapo. Lakini mkono ulikuwa umelegea, na maziwa yanashuka kama bomba.

"...ukampiga moja tu, akaketi ndani ya hori la pumba mbele ya darasa zima. Ndiyo maana mpaka leo anatufundisha kukamua kwa glovu iliyojazwa maji na kutobolewa vidole. Na mimi naona hasira zote za siku ile ziko kwenye lile daftari."

Mwenye bucha aliugeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Kimya alisubiri radi, lakini hakuacha kukamua.

Mwalimu akakohoa. "Halikuwa hori la pumba," alisema. "Lilikuwa la maji. Na suruali haikuwa yangu. Nilimwazima shemeji."

"Yalitoka?" mwenye bucha akauliza.

"Nini?"

"Madoa."

"Usinikatishe, bwana, huoni maziwa yanakuja?" Mwalimu akaweka daftari chini, akachuchumaa, akashusha sauti. "Basi nikainuka, nimelowa chapachapa, na huyu mama ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimemkosea..."

Povu likapanda ndoo. Walipopima, zilikuwa lita sita na robo. Mwalimu akachukua kalamu akamfuta Mama Mkwe kwenye orodha ya kwenda bucha. Mwenye bucha wala hakuona. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anangoja mwisho wa suruali.

"Lakini, Mwalimu," Kimya akauliza, na sauti yake ikafika mpaka getini, "ulimrudishia shemeji hivyohivyo?"