Mteremko Ulionyamaza

Msikilizaji alifika juu ya mteremko kabla jua halijapenya majani. Akaweka sikio kwenye shina la kwanza, akangoja, hakusikia kitu. La pili, hivyo hivyo. Kwenye mti mkubwa wenye kovu la radi, ambao msimu uliopita ulikuwa ukigongwa kutoka ndani kama kuna mtu anadai kufunguliwa mlango, aliweka sikio na viganja vyote viwili, akazuia pumzi mpaka machozi yakamtoka. Kimya.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Ofisi ya misitu ilimtuma asikilize kengegome, kwa sababu sheria ya mahali pale ilikuwa fupi: mteremko wenye kengegome haukatwi. Kesho yake afisa misitu angekuja kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Akisikia, mteremko unafungwa. Asiposikia, misumeno inapanda.

Kengegome ni mjusi wa msitu mzito. Urefu wake, pamoja na mkia, ni wa mkono wa mtu mzima. Ngozi yake ina rangi ya gome lililolowa, na mgongoni huotwa na ukoga wa kijani; alfajiri hugeuza shingo akalamba umande kwenye mgongo wake mwenyewe, hana haja ya kushuka kutafuta maji. Dume huchagua mti mmoja wenye uwazi ndani angali mdogo, na hauhami mpaka afe. Mchana hulala kichwa ndani, mkia ukiwa umeziba tundu ili nyoka asipite. Jike hana mti. Jike hutembea na kusikiliza, na akivutwa na mlio fulani huingia, hutaga mayai kwenye unga wa mti uliooza, kisha huenda zake. Anayebaki kulinda ni baba.

Hana sauti ya kooni. Chini ya kidevu ana gamba gumu, na kwa gamba hilo hugonga ukuta wa mti kutoka ndani, asubuhi na jioni: mara mbili polepole, mara moja haraka, kisha husikiliza. Jirani hujibu. Ndivyo wanavyogawana mteremko bila kupigana. Lakini mmoja akikatika katikati ya kugonga, wote hunyamaza papo hapo. Kukatika maana yake nyoka, na nyoka hufuata mtikisiko. Wiki nzima, pengine mwezi, hakuna atakayethubutu. Watu husema wanaomboleza. Msikilizaji alikuwa akiwacheka wanaosema hivyo. Wanaogopa, alikuwa akisema, na woga wao una akili kuliko matanga yetu.

Haya yote hakufundishwa na mtu. Aliyapata kwa kulala chini ya miti, kung'atwa na siafu, na kurudi tena. Alijivunia hilo, na hakuwa mtu wa kuficha anachojivunia. Jioni kwa kaka yake, alikokuwa akiishi tangu wazazi wafariki, alisimulia kengegome mpaka chakula kikapoa. Wakataji miti wenzake kaka walimwita Shemeji wa Mijusi. Kila akipita kambini walimuuliza wakweze wameamkaje, na kama mahari ni panzi au konokono. Naye aliwajibu kwamba wakwe zake wana nyumba za kudumu, wao wanalala kwenye turubai.

Kaka yake ndiye aliyekuwa mshika msumeno. Hakuwa na neno na mijusi. Alichokuwa nacho ni hofu moja, na nyumba nzima iliijua. Mteremko ukifungwa, kampuni ingewahamishia wakataji kwenye kambi ya mbali, kule mtu akienda harudi mpaka msimu uishe. Alishawahi kwenda. Aliporudi alimkuta binti yake amekwisha kuzikwa na majani yameota juu ya kaburi, na mke wake akamwelekeza njia ya makaburini kama anavyoelekezwa mgeni. Sasa mke huyo, shemeji yake msikilizaji, alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshuka, siku yoyote.

Kwa hiyo msikilizaji aliposhindwa kusikia kitu, alijua kwamba nyumbani kuna watakaofurahi, na hilo lilimuuma. Alirudi kwenye mti wa radi, akaupanda. Tundu lilikuwa limezibwa, ila si kwa mkia. Lilikuwa limesokomezwa kitambaa kinachonuka petroli. Alikivuta, akaingiza mkono, akamtoa dume aliyekauka, kidevu chake bado kimeinuliwa. Kitambaa kilikuwa mfuko wa shati la kazi, umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule alikuwa ameutunga yeye mwenyewe kwenye sindano, shemeji yake akilalamika kwamba macho yamechoka.

Alikiweka mezani mchana, mbele ya sahani ya kaka yake.

"Mfuko wa shati langu," kaka alisema. "Ulishajua kabla hujauleta."

"Umemuua."

"Mmoja. Si ulisema mwenyewe, hapa hapa mezani, kwamba mmoja akikatika wote wananyamaza? Wenzangu wanakucheka, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nakusikiliza."

Msikilizaji aliwaka. Alisema maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake, akamwita mwoga, akamwita mtu anayepigana na mjusi kwa tambara. Shemeji, aliyekuwa jikoni akichochea moto, aliwaomba washushe sauti maana ukuta ule ni mbao na majirani wana masikio. Msikilizaji hakushusha. Alisema kimya hicho atakivunja. Dume mgeni akigonga, majirani hawawezi kuvumilia. Mgeni akigonga salama ina maana nyoka ameondoka, na asiyejibu atanyang'anywa mti. Na mgeni huyo atakuwa yeye, kwa mkono wake, mbele ya afisa, na wote watajibu.

Kaka alimega chakula, akatafuna taratibu.

"Unaweza kufanya hivyo?"

"Naweza."

"Nionyeshe, basi. Nikisikia mwenyewe, naacha. Nitafunga virago niende huko kambi ya mbali."

Mtu mwingine angekataa. Lakini hakuna aliyewahi kumwomba msikilizaji amwonyeshe. Jioni walipanda pamoja, kaka mbele akimkatia njia kwa panga, akimshikia matawi yasimpige usoni kama alivyokuwa akifanya zamani wakienda kuni.

Msikilizaji alichagua gogo kavu lenye uwazi, akapiga magoti, akashika kisu kwa upande wa makali uliofungwa ngozi, mpini ukiwa chini. Mara mbili polepole, mara moja haraka. Akangoja. Akagonga tena, kwa dharau zaidi, kama dume kijana asiyejua kuna wenyewe. Jasho lilimshuka puani. Kaka yake alikaa kwenye mzizi, amevua kofia.

Kutoka chini kidogo kukaja mlio mmoja wa kugonga, mfupi, wa kusitasita. Ukajibiwa kulia. Ukajibiwa juu. Kisha mteremko mzima ukaamka, miti ikigongwa kutoka ndani huku na huku, milio mizito na myepesi, ya wazee na ya vijana, mpaka kifua cha msikilizaji kikawa kinatetema nayo. Alicheka peke yake. Alipogeuka alimwona kaka yake ameinua uso na mdomo uko wazi kidogo.

"Sijapata kusikia kitu kama hiki," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote nakata, sijapata kusikia. Huyu wa kulia yuko mti upi?"

"Ule uliopinda."

"Na huyu mwenye sauti nzito?"

"Ile miti miwili pacha. Wa kushoto."

Akamtajia mmoja mmoja, kwa kidole, kwa fahari, akieleza yupi mzee na yupi mchokozi, na yupi ana mayai kwa sababu anagonga kwa upole asiyatikise. Kaka aliitikia kwa kichwa kila mara. Wakishuka alimwekea mkono begani, akasema marehemu baba angefurahi kumwona, na msikilizaji alilala usiku ule kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi kitanda cha kaka kilikuwa kimeshatandikwa. Shemeji alisema ametoka mapema na dumu la petroli. Hakumtazama alipokuwa akisema hivyo.

Afisa misitu alifika na gari mpaka barabara ilipoishia, mwanamke mtulivu mwenye viatu vilivyokula matope mengi. Wakataji walikuwa wamekaa chini ya mteremko na mashine zao. Msikilizaji alipiga magoti kwenye gogo lile lile, akagonga. Hakuna aliyejibu. Akagonga kwa dharau, akagonga kwa upole, akagonga mpaka ngozi ya kidole ikachanika. Afisa alisubiri bila kuangalia saa. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na subira.

Msikilizaji alimwomba amsubiri kidogo, akaenda kwenye mti uliopinda. Chini ya ukoga, pale tunduni, palikuwa na tambara. Kwenye mti pacha, tambara. Kwa yule mwenye mayai, tambara, na juu yake udongo umekandamizwa kwa kidole gumba. Akayang'oa, akayasokomeza mfukoni, akarudi. Njia nzima petroli ilimnukia mapajani.

"Vipi?" afisa aliuliza.

"Walikuwepo. Jana jioni walikuwepo wote, Mama. Leo wamekufa."

"Wameuawa na nani?"

Aliyakandamiza matambara ndani ya mfuko.

Afisa alimsogelea ili wale wa chini wasisikie. Alimweleza kwamba sheria inahesabu walio hai. Lakini kama kuna mtu aliyewaua, mteremko unafungwa leo hii, mtu huyo anakwenda jela, na miti inabaki imesimama kwa faida ya wengine watakaohamia. "Nitajie tu," alisema. "Mengine niachie mimi. Usiponitajia, nina mteremko mtupu."

Msikilizaji alitazama chini. Kaka yake alikuwa amesimama kando ya wenzake, msumeno begani, hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, kucha zikiwa na udongo. Nyumbani shemeji alikuwa amekaa mlangoni na tumbo lile. Mdomo ambao siku zote ulimtangulia mwenye nao, siku hiyo ulibaki nyuma.

"Nyoka," alisema. "Nadhani ni nyoka, Mama."

Afisa hakumwita mwongo. Alisema amesikitika, na kwamba alikuwa na matumaini makubwa na kazi yake, kisha akateremka hadi kwenye gari, akaondoka. Ukungu uliimeza kabla mlio wake haujaisha.

Wakataji walipanda. Hakuna aliyemtania. Kaka alisimama kwenye mti wa kwanza, mnene, ambao jana haukujibu na kwa hiyo haukuonyeshwa kidole. Akavuta kamba, msumeno ukaguruma, akauacha ungurume upate moto. Msikilizaji alikuwa ameegemea shina lile lile, na kupitia gome, mgongoni mwake, alihisi kitu. Mara mbili polepole, mara moja haraka. Aliweka sikio. Ndani mle dume mmoja, aliyekuwa mwoga kuliko wote au mwerevu kuliko wote, alikuwa amesikia mgeni mkubwa amefika mlangoni, naye alikuwa akiijibu mashine.

Akainua mkono. Kaka akazima.

"Kaka, kuna mmoja humu. Yuko hai."

Kaka yake alisogea, akaweka sikio kwenye gome, akasikiliza. Akasikiliza kwa uaminifu, macho yamefungwa, mpaka wenzake wakaanza kutazamana. Kisha akajipangusa uso kwa kiwiko.

"Afisa ameshaondoka, mdogo wangu," alisema. Akashika kamba. "Toka hapo. Mti unalalia upande wako."

Msikilizaji akatoka.