Zamu ya Alhamisi

Honorata alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, simu ameiegemeza kwenye sufuria ya maharage, akiandika maelezo ya zana. Kijiji chao kiko juu ya Same, kule ambako gari likipanda masikio yanaziba, na maji ya kumwagilia hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa kwa zamu. Kamati ya ndiva ilikuwa imechoka ugomvi, ikaamua kalenda ya zamu ishikwe na msaidizi wa akili bandia. Kazi ya kumwandikia maelezo akapewa Honorata, kwa kuwa ndiye mwandishi wa matangazo ya usharika, na tangu aanze hakuna mtu aliyewahi kukosea harusi.

Saada, fundi wa kompyuta kutoka mjini, alimweleza. Msaidizi ana zana ya kuita, ya kuahirisha na ya kufunga. Mambo ya ndiva hayajui. Anajua kilichoandikwa chini ya jina la zana, basi.

“Mama, usimwachie akisie,” alisema. “Huyu akikisia, anakisia kwa bidii.”

Kwenye zana ya kuita Honorata akaandika: Humwita mwenye zamu aje afungue maji jioni ya siku yake. Asipopatikana kwenye simu, mtafute mpaka apatikane. Alijiona ameandika vizuri. Kule mtandao hupatikana ukipanda juu ya jiwe, kwa hiyo mtu hutafutwa.

Sasa, zamu ya Alhamisi ilikuwa bado kwa jina la Eliezeri, mumewe, aliyezikwa nyuma ya nyumba masika ya mwaka juzi. Kwao zamu hubaki na jina la mwanamume mpaka mwanamume mwingine wa ukoo aichukue. Mtoto wao Yona yuko Dar, na jembe hataki hata kulisikia. Basi shemeji Daudi ndiye aliyekuwa akifungua maji na kuyapeleka kwenye migomba yake, na maharage ya Honorata yakawa yanakauka huku yakisikia maji yakipita.

Alhamisi ya kwanza msaidizi alimpigia Eliezeri. Hakupatikana. Akamtafuta.

Jua lilipoinamia tambarare, Eliezeri akaja na jembe begani, suruali ya suti aliyozikwa nayo ameikunja mpaka magotini. Daudi alikuwa ameshafika. Akamwamkia kaka yake, akaitikiwa, akarudi kwake. Eliezeri akachomoa kizibo cha ndiva, akayaelekeza maji kwenye maharage ya mkewe, akalalamika kwamba mifereji midogo imechimbwa ovyo.

Kamati ilimwuliza mbona hakuonekana kwenye msaragambo, siku ya wote kuzibua mfereji mkuu. Akasema alikuwa amekufa. Wakaliandika kama udhuru, wakamwambia asirudie. Msaragambo uliofuata alikuja, akazibua kuliko walio hai, ambao kila mara wana simu ya kupokea pembeni.

Kila Alhamisi Honorata alisimama ukingoni, kanga mabegani, wakaongea habari za maji na za Yona. Kutoka pale mlango wa jikoni ulionekana wazi, na makande ya mahindi na maharage yalinukia mpaka shambani. Lakini kizibo kikirudi mahali pake, zana ya kufunga ilifunga zamu, na Eliezeri akawa hayupo. Honorata alikula akiwa ameikabili sahani ya pili, kisha akaifunika.

Saada aliporudi kukagua, alisema maelezo yana tundu, hayasemi mwenye zamu ni nani. Honorata alijua. Alijua pia kwamba akiliziba, maji yatakuwa yake kwa jina lake, na mtu wake hatatafutwa tena. Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Halafu akatazama maharage, akaandika, akaisomea kamati: Mwenye zamu ni mtu aliye hai anayelima shamba linalopata maji hayo.

Mwenyekiti Tumainieli alivua miwani. “Mama Yona, kwa maneno hayo mwenye zamu ni wewe.”

“Ndiyo, mwenyekiti.”

“Yanaeleweka sana. Hilo ndilo tatizo lake.”

Wajumbe walishauriana. Wakasema zamu ni ya ukoo, mwanamke haandikwi, na isitoshe Eliezeri hana malalamiko na msaragambo anahudhuria. Maelezo ya zamani yakabaki vilevile. Walimshukuru kwa mwandiko.

Honorata alishuka njia ya migombani akijaribu kukasirika inavyostahili. Alifika nyumbani hajaweza vizuri. Akaloweka mahindi.

Alhamisi maji yalipomaliza tuta la mwisho, Eliezeri alishika kizibo mkononi, hakukirudisha upesi.

“Wamekuandika?” aliuliza.

“Bado, Baba Yona.”

Alitazama mlango wa jikoni, moshi ukitoka.

“Basi nitakuja Alhamisi,” akasema, akafunga maji.