Ngazi Arobaini na Mbili

Kimbunga kilikuwa bado maili mia tisa baharini tulipoitwa kwenye mji wa Dothan. Sisi ni wakadiriaji hasara wa kujitegemea: upepo ukishang'oa mapaa ya watu, tunapanda, tunapima, tunapiga picha, na tunalipwa kwa kila dai la bima tulilolikamilisha. Pasipo dai hakuna malipo. Hoteli, mafuta na chakula ni juu yetu. Carter Pruitt, meneja wa kampuni iliyotuita, aliuita utaratibu huo "utayari".

Siku ya tano kimbunga kiligeukia kaskazini mashariki, kikaishia baharini bila kugusa hata banda la kuku. Kila mtu aliiona ramani kwenye simu yake wakati wa kifungua kinywa. Pruitt naye aliiona, kisha akatangaza kwamba kinaweza kurudi.

"Kimesahau nini?" aliuliza mzee Wendell Stroud, akipaka siagi mkate wake.

Mimi nilikuwa nimepigiwa simu kutoka mji wa Amarillo. Mvua ya mawe ilikuwa imetoboa mapaa ya mtaa mzima, na kampuni ya huko ilinipa hadi saa sita mchana niseme naja au siji. Lakini ilitaka barua ya Pruitt ya kuniruhusu. Anayeondoka bila barua hiyo huwekwa alama, na kampuni zote huiona. Nilikuwa nimeshamwomba mara mbili.

"Vuta subira, Hollis," alijibu mara zote mbili.

Saa nne alituita kwenye maegesho. Tushushe ngazi kutoka kwenye pikapu, tuzisimamishe, tupange mstari, tupigwe picha. Kampuni ya bima iliahidiwa watu arobaini na wawili, na ofisa wake alikuwa njiani kuja kuwaona kabla ya kusaini mkataba wa mwaka. Kumbe hatukuletwa kukadiria chochote. Tuliletwa kuhesabiwa.

Pruitt akahesabu. Arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa ndani ya gari langu, ngazi bado imefungwa.

"Hollis, kaka, unatuchelewesha."

"Nipe namba ya dai ninaloshughulikia."

"Dai gani? Hakuna dai."

"Basi hakuna kazi. Niandikie barua, nitakuja kusimama."

"Unanitisha?"

"Nakusaidia hesabu. Umepungukiwa na mmoja."

Alitazama barabara, akatazama saa, akaenda mapokezi. Aliandika juu ya boneti la gari langu kwa karatasi na kalamu ya hoteli. Hata hapo hakutoa chochote cha mfukoni mwake. Nilimrudishia aongeze tarehe. Nikaipiga picha barua, nikaituma Amarillo, ndipo nikafungua ngazi na kusimama kando ya mzee Wendell.

"Amekuandikia nini huyo?"

Nilimpa. Aliisoma akiwa ameishika mbali, mkono umenyooka, maana hakuwa na miwani.

"Haya, jamani, tabasamuni," alisema Pruitt, simu ikiwa usoni.

Mzee Wendell akailaza ngazi yake juu ya lami.

"Na mimi niandikie, Carter. Andika herufi kubwa."

Nyuma yetu ngazi nyingine ikagonga chini, halafu nyingine, mpaka nikaacha kuhesabu. Gari jeupe la kampuni ya bima lilikuwa linaingia getini.

Yangu niliiacha wima. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na Pruitt.