Umeme Uliporudi Golf

Donat hakuwahi kutaka bwawa la kuogelea. Alitaka nyumba yenye kivuli na ukuta mzima, na alipoipata mtaani Golf, bwawa lilikuja nayo. Mkewe Régine alifurahi. Donat tangu siku ile alikuwa mtu wa kukatiza mazungumzo na kutega sikio, akihisi kuna kitu kimetumbukia.

Hofu hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi, maana hakuna aliyemwelekeza. Alijifunza kwamba kiangazi vumbi jekundu hutulia chini na kuwa zito kama uji, na kwamba mvua za Desemba huipunguzia klorini nguvu mpaka maji yaanze kuwa ya kijani. Alijifunza pia kwamba Juni, wakati baridi imewafukuza waogeleaji wote, ndipo bwawa huharibika kwa kusahauliwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mgodini upande wa Kinsevere, alisimama ukingoni akalitafuta kwa macho tundu la sakafuni, upande wa kina kirefu. Asipoliona vizuri, siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa hata kuchovya mguu.

Tundu hilo lilimtisha kuliko kina chenyewe. Pampu ikiwaka hufyonza maji kupitia hapo, na kinachozuia kitu kingine kisivutwe ni kifuniko tu, chenye vitundu vidogo. Jumamosi moja ya Oktoba, alipokuwa akisugua sakafu kwa brashi ya mpini mrefu, kifuniko kilipasuka. Plastiki ilikuwa imechoka. Akaenda kuifunga koki ya bomba linalotoka kwenye tundu hilo, nayo ilikuwa imekwama. Aliizungusha mpaka kiganja kikachubuka, haikusogea. Basi akaingia kwenye kibanda cha pampu na kuteremsha swichi kubwa. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika siku kadhaa, lakini Donat hakuuamini hata usipokuwepo.

Mchana dada yake Myriam alifika na binti yake, Abigaïl, ambaye kesho yake alikuwa apokee komunyo ya kwanza. Sherehe ingefanyika hapo kwa Donat. Msichana alikuwa amesukwa upya, misuko mirefu yenye nywele za kuongezea iliyomfika kiunoni, na joto lilikuwa limemchosha. Aliomba kuogelea. Donat akakataa. Akaeleza habari ya kifuniko, lakini alieleza vibaya, akirudia rudia neno hatari mpaka likapoteza uzito.

"Yaya, weye unaogopa mayi kuliko paka," Myriam alimwambia kaka yake mkubwa. "Paka angalau inakunywa."

Régine akacheka, na mwishowe Donat mwenyewe akatabasamu. Akakubali kwa masharti: mtoto abaki upande wa kina kifupi, mama yake akae ukingoni, na wamsubiri kwanza kidogo. Hakusema kwamba anakwenda kuhakikisha swichi iko chini. Akaenda. Ilikuwa chini. Akarudi na kusimama karibu na ngazi, mikono nyuma, kama mlinzi wa benki.

Mtoto aliogelea vizuri, na hilo halikumtuliza. Régine alipita nyuma yao akiwa amebeba viti vya plastiki vya sherehe, kutoka kibandani hadi barazani, akarudi kuchukua vingine. Upepo ukaangusha maua ya jakaranda juu ya maji. Donat alikuwa ameinama kuyaokota kwa wavu wakati bangili ya Abigaïl ilipomtoka mkononi, ikashuka ikiteleza kwenye mteremko wa sakafu kuelekea upande wa kina kirefu. Donat alisema iachwe. Msichana alikuwa ameshavuta pumzi na kupiga mbizi.

Ndipo kelele za furaha zikasikika kutoka mbali. Zilianza barabara za juu, watoto wakipiga mayowe na masufuria, zikaja nyumba kwa nyumba kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mtu wa jirani akapaza sauti ukutani kwamba umeme umefika: "Courant imerudia!"

Donat alifurahi kidogo, kama watu wote. Kisha akasikia pampu ikinguruma.

Alitazama maji akisubiri kichwa kitokee. Hakikutokea. Misuko ilikuwa imenyooka kuelekea chini, ndani ya tundu, imekaza kama kamba ya kisima, na mikono ya mtoto ilikuwa ikisukuma sakafu. Myriam alijitosa na nguo zake zote. Donat naye aliinua mguu kumfuata, akausimamisha hewani. Alijua kwamba watu wawili, hata watatu, wangevuta mpaka shingo iumie na pampu isingeachia. Kitu kimoja tu kingeifanya iachie, nacho kilikuwa kibandani, nyuma ya nyumba.

Akaligeuzia bwawa mgongo, akakimbia.

Nyuma yake alimsikia Myriam akiibuka, akimwita kwa jina tupu, bila lile neno yaya. Hakugeuka. Aliteleza kwenye maua, akaanguka kwa goti, akainuka. Kila hatua ilimpeleka mbali na mtoto, na mwili wake wote ulimwambia kwamba anakosea. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Pale viti vilipokuwa vimepangwa palibaki patupu, na juu yake, ukutani, swichi ilikuwa imepandishwa.

Akaiteremsha kwa mikono miwili. Pampu ikalalamika, ikapungua, ikanyamaza.

Huko bwawani pia palikuwa kimya. Donat alitega sikio apate kusikia kilio, cha mtoto au cha mama, na hakusikia hata kimoja. Miguu ilitaka kubaki kibandani, mahali ambapo bado hakujua. Akailazimisha.

Myriam alikuwa ameketi kwenye ngazi, maji yakimfika kifuani, amemkumbatia binti yake mwenye midomo ya rangi ya majivu. Donat alimtwaa, akamlaza juu ya vigae, akamwinua kidevu na kumpulizia kinywani. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka, kikakaa. Akapuliza tena. Akapuliza tena, bila kufikiri kitu, mpaka mtoto akajikunja, akatapika maji na kukohoa.

Myriam alimnyakua.

"Ulikimbia," alisema. "Mutoto wangu iko chini ya mayi, na weye unakimbia."

Donat alikuwa na jibu. Lakini jibu hilo lingeuliza swali jingine, na Régine alikuwa amesimama barazani, kiti kingali mkononi, akikitazama kibanda.

"Miye njo nilipandisha ile swichi," Régine alisema. "Niliona iko chini. Nikasema, courant ikirudia, pompe itatumika, mayi itakuwa muzuri kwa fête ya kesho. Yeye alikimbia kuizimisha."

Hakuna mtu mtaani ambaye angefanya tofauti. Umeme ukikatika, kila swichi huachwa juu kuungoja, usije ukapita bila kuchotwa. Donat alikumbuka kwamba aliwaambia wote kuhusu tundu na kifuniko, lakini swichi aliiweka moyoni mwake peke yake.

Myriam aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Tuende ku hôpital," alisema. "Tutagombana kisha."

Donat aliendesha gari kuelekea hospitalini. Alikuwa amesikia kwamba maji yanaweza kubaki kifuani na kumrudia mtu saa kadhaa baadaye, na hakuwaambia. Régine alifunga vioo, Donat akazima redio. Watu walikuwa wamejaa barabarani, wanacheka, muziki umefunguliwa kila mahali. Kwenye kiti cha nyuma, mtoto alikohoa. Donat akakanyaga mafuta. Mtoto akanyamaza, naye akainua mguu ili injini ipunguze kelele, akasikiliza, akasikiliza, mpaka mtoto alipokohoa tena.