Upande wa Pili wa Kochi Jekundu

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza kunihukumu. Watoto sitini na wawili, kila mmoja ana lake la kusema na wote wanalisema kwa mpigo. Ikifika Jumapili masikio yangu yalikuwa yanataka kitu kimoja tu, ukimya. Badala yake naletewa wanaume wanne wazima, wenye wake na watoto, wanajipanga sebuleni kwangu na kuimba gitaa kwa mdomo.

Sisemi kuimba wimbo wenye gitaa. Nasema kuimba gitaa lenyewe. Na ngoma, na kinanda, na besi. Albamu nzima, dakika arobaini na moja, bila chombo hata kimoja. Jamani, mngeweza?

Wote wanne walikuwa mafundi wa karakana moja ya makochi, na majina yao yalitokana na kazi. Fremu alipigilia mbao, ndiye aliyekuwa ngoma. Sponji alijaza magodoro ya kukalia, mwenyewe mnene kama kazi yake, huyo besi. Sindano alishona vitambaa na aliweza kubana pua akatoa sauti ya kinanda mpaka mgeni akageuka kutafuta kilipo. Wa nne alikata vitambaa. Huyo walimwita Mkasi, na ndiye mume wangu, na ndiye gitaa.

Hiyo albamu waliinunua kwa mtu wa mitumba kabla sijaolewa, sahani nyeusi ya gramafoni, na wala hawakuinunua kwa ajili ya muziki. Kwenye jalada palikuwa na picha ya kochi jekundu limewekwa katikati ya majani, na Mkasi aliipenda ile miguu yake akataka kuiiga. Wakaiiga, kochi likauzwa, sahani ikabaki. Siku moja tajiri wao akawaachia gramafoni yake ofisini, wakaiweka ile sahani wasikie kuna nini. Basi, ndiyo ikawa ntolee, wakanaswa moja kwa moja. Walikuwa wazungumzaji wakubwa wale, lakini mume wangu aliniambia siku hiyo walirudi nyumbani bila kusemezana.

Ilikuwa roki, lakini siyo ya kucheza. Mjuaji mmoja aliwaambia inaitwa roki ya progresivu, wakalibeba hilo neno kama cheo. Upande mzima wimbo mmoja. Ukianza kutikisa kichwa, mdundo unakuacha unatikisa peke yako. Fremu alinieleza mara mia kwamba pale wanahesabu saba, siyo nne, na mimi mara mia nilimwambia darasani kwangu wanahesabu mpaka ishirini na wanakosea.

Tajiri alipohama na gramafoni yake, sahani ikasahauliwa dirishani, jua likaikunja. Jalada lililiwa na panya. Jina la albamu lilikuwa la lugha ya watu, hakuna aliyewahi kulisoma vizuri; wao waliiita Kochi Jekundu tu. Mtu mwenye akili angesema imeisha hiyo. Wao walisema ipo, Mkasi akajigonga shavu na kusema iko hapa. Tangu hapo wakaanza kuiimba kila Jumapili alasiri ili isipotee, miaka ishirini na sita.

Na walikuwa na adabu zao. Upande wa kwanza ukiisha wanakunywa chai. Kisha mmoja anainuka, anashika hewa kwa vidole viwili, anaigeuza taratibu, anaiweka mezani na kupuliza vumbi. Ole wako upite mbele yake. Ndipo unaanza upande wa pili, na katikati ya upande wa pili wote watatu wananyamaza, na gitaa linabaki peke yake. Mkasi anafumba macho, vidole vyake vinatembea kama anakata kitambaa cha bei mbaya, na mdomoni inatoka sauti, sijui nisemeje, birika na mbuzi kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipokuwa nikipandwa na mori. Ngoma nilivumilia, besi nilivumilia. "Mwalimu," alikuwa akiniambia, maana hata yeye aliniita hivyo kwa utani, "siku moja utaliuliza hili gitaa lilikwenda wapi." Mimi namjibu, "Likienda nitachinja kuku." Wenzake wanacheka mpaka wanashika mbavu. Binti yetu wa pekee alirithi masikio yangu. Jumapili alikuwa akijifungia chumbani na mto kichwani, mpaka alipokua akaenda mji mwingine kuuza kwenye duka la dawa.

Jumapili ya mwisho nilikuwa na madaftari ya mtihani mezani. Walipomaliza upande wa kwanza nikawaambia leo basi, nyumba hii si karakana. Mume wangu akasema, "Tumalizie upande wa pili tu, Mwalimu." Nikamwambia, "Utamalizia wiki ijayo, hiyo sahani ina miguu?" Hakubisha. Alikuwa mtu asiyebisha, Mungu amrehemu. Aliwasindikiza wenzake mpaka njiani akarudi kunisaidia kujumlisha alama.

Jumatano saa nne asubuhi alianguka karakanani, mkononi ana chaki ya kuchorea vitambaa. Kufika hospitali alikuwa ameshaondoka.

Sitaki kusimulia mazishi. Kila mtu amezika, mnajua. Nitasema tu kwamba watu walipokwisha kuondoka, ule ukimya niliouomba miaka ishirini na sita nikapewa wote kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa nakaa nao sebuleni, nauangalia. Na nikagundua kitu cha ajabu, kwamba picha zake sizitaki. Picha ninazo, amevaa suti ya kuazima, amekaza shingo, simjui yule mtu. Nilichokitaka ni lile gitaa. Nilikitaka kwa njaa, kama mjamzito anavyotaka udongo. Na hakuna aliyewahi kumrekodi hata mara moja, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikawaita watatu wale. Walikuja Jumapili, wamenyoa, wamekaa kwa kubanana wakiacha nafasi yake. Wakaimba upande wa kwanza. Sindano akageuza sahani. Walipofika pale pa gitaa wakanyamaza kama siku zote, na hakuna kilichotokea. Fremu alikuwa akihesabu kwa kidole kwenye goti, tuk, tuk, dakika nne nzima, ili wasipotee njia. Sponji machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Kisha wakaingia pamoja, sahihi kabisa, wakamaliza.

"Hakuna anayekijua kile kipande?" nikauliza.

"Kila mtu ana chake, shemeji," akasema Sindano. "Kile tulikuwa tunakisikiliza. Kile chake."

Binti yetu, aliyekuwa amebaki nami tangu msiba, akasema, "Lakini mama, si ni albamu? Si lazima watu wengine wanayo? Mbona hamjaitafuta?" Ni kweli, mbona? Sindano akasema aliwahi kumwambia Mkasi waitafute kwa njia ya simu, na Mkasi akakataa katakata, akasema kitu unacho mdomoni unakitafutia nini. Wakamwacha.

Binti akaandika kwenye simu, kwenye ukumbi wa mashabiki wa muziki wa aina hiyo: natafuta albamu ya zamani, jalada lina kochi jekundu majanini. Ilichukua chini ya saa moja. Watu watano walijibu, wa sita akamkosoa wa kwanza kuhusu mwaka. Kumbe dunia nzima imejaa vichaa kama wa kwangu! Binti akanisomea walivyoandika. Tarishi mmoja mstaafu alisema ameisikiliza kila siku ya kuzaliwa kwake tangu ana miaka kumi na tisa. Muuguzi mmoja alisema upande wa pili, lile gitaa la peke yake, ndilo lililomvusha mwaka aliofiwa na kaka yake, kwamba ni gitaa linaloongea kama mtu aliyekaa kando yako.

"Ndilo hilo," nikasema. "Kama mtu. Ndilo hilo hilo." Nikalia, lakini kwa mara ya kwanza nililia vizuri.

Binti alitaka tulisikilize palepale, kile kipande tu. Nikakataa. Nikamwambia tutasikiliza kama walivyokuwa wakifanya, wote, tangu mwanzo, Jumapili. Wiki ile darasani sikumgombeza mtoto hata mmoja. Jumamosi nikapiga pasi gauni. Msinicheke. Nilikuwa naenda kukutana na mume wangu, na nilitaka anikute nimekaa vizuri na mdomo nimefunga.

Wakaja. Binti akaweka simu mezani na kispika kidogo alichoazima. Upande wa kwanza ulipoanza, laiti mngewaona wale wanaume! Miaka yote walikuwa wakiimba kwa kumbukumbu, na haya sasa yote yapo, pale pale walipoyaacha. "Ni sisi!" Sponji akapiga paja. "Sikia, ni sisi hao!" Fremu aliinua kidole kabla ya kila badiliko, na kila badiliko lilikuja chini ya kidole chake. Walikuwa hawajakosea hata pigo moja. Nilijivunia kama vile nimewafundisha mimi.

Tukanywa chai. Binti akataka kuendelea, Sindano akamzuia, akainuka, akaigeuza sahani yake ya hewa. Tukaanza upande wa pili. Ngoma ikanyamaza. Besi ikanyamaza. Kinanda kikazimika polepole, na gitaa likaingia.

Lilikuwa gitaa zuri. Nalisema sasa, kwa haki. Lilikuwa la polepole, safi, noti moja inangoja nyingine. Hakika linaweza kumvusha mtu mwaka. Lakini halikuwa yeye. Nikajiambia subiri, atakuja, huu ni utangulizi. Nikasubiri mpaka mwisho nikiwa nimelikunja gauni kwa ngumi zote mbili. Ngoma ikarudi. Hakuja.

"Rudisha," nikamwambia binti. Akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu Fremu akavua kofia.

"Gundi," akasema.

"Gundi gani?"

"Shemeji, ile wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hatujapata gramafoni. Sponji aliangusha gundi ya mbao juu ya sahani. Upande wa pili. Tulikwangua, haikutoka. Sindano ya gramafoni ikifika pale gitaa linapoanza inateleza, inaruka, inaangukia mwisho, hapa ngoma inaporudi. Kile kipande hatujawahi kukisikia. Hata siku moja."

Sponji alikuwa anatikisa kichwa, kisha akaacha kutikisa.

"Mkasi akasema pale hapawezi kuwa patupu," Fremu akaendelea. "Akaanza kujaza. Leo hivi, kesho vile. Baadaye ikakaa sawa. Halafu tukasahau, shemeji. Naapa tulisahau. Mimi nilijua ndivyo lilivyo."

Sasa nikaelewa kwa nini alikataa isitafutwe. Hakusahau yeye. Fundi wa kukata vitambaa, mtu asiyebisha, alitunga gitaa la dakika nne, akaliweka katikati ya kazi ya wakubwa wa watu, na hata rafiki zake hawakuona mshono. Akalipiga mara elfu na zaidi na hakuwahi kusema hili ni langu. Na wale mashabiki wote duniani wana gitaa lao, wamelihifadhi, hata akifa mmoja lipo. La kwangu lilikuwa kwenye mdomo mmoja tu, na mdomo huo tumeufukia kwa mikono yetu.

Nililia kwa sauti, mbele yao, sikujali.

Wakaona walikamate kabla halijapotea. Sponji akaanza, mmm-nii, akakwama. Sindano akasema hapana, hapo linapanda. Fremu akasema linashuka, kisha linapanda. Wakabishana mpaka wakawa wanafokeana, wanaume wale ambao sikuwahi kuwasikia wakigombana. Kila mmoja alikuwa na kipande na vipande havikushonana. Mwishowe wakanigeukia mimi wote.

"Shemeji," akasema Sindano, "wewe una masikio ya kazi. Umelisikia miaka yote. Jaribu."

Binti akaisogeza simu karibu yangu na kuiwasha irekodi. Nikafumba macho. Na likaja, jamani, wala sikulitafuta. Linaanzia chini, linapanda ngazi tatu, linageuka, linarudi moja, na pale anavuta pumzi kidogo puani. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza, lakini lilikuwa lake, nililijua kwa mwili mzima. Nikasikia Sponji anasema, "Ndilo! Ndilo lenyewe, shemeji, endelea!"

Nikavuta pumzi ile, kama alivyokuwa akivuta yeye. Nikangoja.

"Halafu, mama?" binti akauliza.

Nikafumbua macho. Wote wanne walikuwa wameniinamia.

"Halafu sijui," nikamwambia. "Hapo ndipo nilikuwa nampigia kelele anyamaze, na yeye anatoka na wenzake kwenda kulimalizia uani, na mimi nafunga mlango."