Machela ya Aliye Hai

Mkono wa kulia ulikuwa umegoma. Eugenia aliuambia uchukue kikombe, ukakataa. Akauambia tena, vidole vikatetemeka na kubaki vimejikunja. Magoti ndiyo usiseme: yalivimba, yakawaka moto, na mumewe Rwezaura alipomshika kiuno amwinue kitandani, mama wa watu alipiga ukelele hadi kuku wakakimbilia migombani.

"Basi nikuache upumzike?" Rwezaura aliuliza.

"Ukiniacha nitapona? Leo ndiyo leo, Baba Spera."

Leo ndiyo leo kweli. Daktari bingwa wa viungo alikuwa amekuja hospitali ya Kayanga kwa siku moja tu, na redio ilishatangaza kwamba saa nane mchana anaondoka. Akimkosa huyo, Eugenia angebaki na vidonge vya dukani, alivyokuwa akivimeza kama karanga na sasa vimeanza kumuunguza tumbo. Gari lisingefika kijijini kwao Ihembe, maana mvua ilikuwa imeng'oa kalavati la bondeni. Bodaboda ilishajaribiwa: alipanda, ikaruka shimo la kwanza, akashushwa akilia. Ikabaki machela.

Na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe. Machela ya kitongoji ni mali ya chama cha kuzikana, na hulala kwa mwenyekiti wao, mzee Adelard. Wanachama ndio wabebaji. Sheria yao haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua: asiyezika hazikwi, na asiyezikwa habebwi. Eugenia hakuwa amezika. Misiba ya mwaka mzima ilimpita amejifungia ndani, ukiwamo msiba wa mama mzazi wa Nyirabahire, jirani aliyepakana naye mgomba kwa mgomba.

Angesema tu kwamba anaumwa, yangekwisha. Siku ya mazishi yale aliamka mapema, akachemsha maharage ya kupeleka msibani, kisha mikono ikakataa kupanda afunge kanga. Akakaa kitandani anasikiliza vilio ng'ambo ya ua, naye analia. Lakini kusema? Thubutu! Mwanamke aliyetoka Muleba, akaolewa hapa kwa sifa ya jembe, leo aseme kanga imemshinda? Watu wangesema amelogwa, au mumewe angeshauriwa atafute mwingine. Akamtuma Rwezaura aseme mama amesafiri. Amesafiri wapi, na moshi wa jiko lake unaonekana toka kaburini? Nyirabahire aliuona ule moshi. Wazazi wake walitoka Rwanda, na tangu siku ile aliamini kitu kimoja: huyu ametudharau kwa sababu ya asili yetu.

Rwezaura alikwenda kuomba, wanachama wakaja, wakasimama uani na nyuso zao ngumu. Eugenia aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Spera," alisema Adelard. "Tumeitwa, tumekuja. Tueleze, ni nini hasa, na kimeanza lini?"

Ilikuwa nafasi ya dhahabu. Rwezaura alimtazama mkewe kwa macho ya kumsihi. Nyirabahire alikuwa pale kwenye ua, mikono kifuani, anangoja kama wengine. Naye Eugenia, jamani, akafungua kinywa akasema, "Ni miguu tu, mzee. Imenikamata juzi."

"Miguu ya juzi!" mmoja wa wabebaji alicheka kwa pua. "Ndiyo tuache palizi tumbebe mtu wa miguu ya juzi?"

Manung'uniko yakaenea. Wawili waligeuka waende zao. Jua lilishapanda, Kayanga haikuwa pua na mdomo, na Rwezaura alikuwa anatoka jasho kama mshitakiwa. Adelard akainua mkono.

"Tusibishane. Aliyekosewa yupo. Mwenye msiba ndiye aseme."

Wote wakamgeukia Nyirabahire. Akashusha mikono yake.

"Mbebeni," alisema. "Mtu akifia ndani nitaonekana nimemuua mimi. Na nitamsindikiza, maana mgonjwa wa kike haendi hospitali na wanaume watupu. Ila asiniongeleshe."

Basi wakaileta ile machela, miti miwili mirefu na kamba zilizosukwa. Eugenia akazua jingine: hataki kulazwa! Kwa kawaida ya hapa, ukipita umelazwa na kufunikwa, watu wote njiani wanajua ni maiti. Alitaka aketi, na uso wake uonekane. Wakamfunga ameketi, blanketi kiunoni, wakaondoka mbiombio, Rwezaura akiwa mbele kupisha njia.

Hata hivyo watu walichanganyikiwa. Mwanaume mmoja alishuka kwenye baiskeli akavua kofia. Wanawake waliotoka shambani walitua mikungu yao, na mmoja akaanza kushika kichwa.

"Hamjambo! Bado nipo!" Eugenia aliwapigia kelele.

"Yesu na Maria!" yule wa kichwa aliruka. Wabebaji walicheka hadi machela ikatikisika, na kila mtikisiko ulimchoma Eugenia magotini akauma meno. Nyirabahire, aliyekuwa nyuma na kikapu cha chupa ya chai, hakucheka hata kidogo.

Bondeni ndipo walipokoma kucheka. Palipokuwa na kalavati palibaki tope na maji ya kahawia. Wabebaji walishuka taratibu, mmoja akateleza, goti likazama, na upande mmoja wa machela ukaporomoka. Eugenia alilia kilio ambacho hata yeye hakujua anacho. Kabla mwanaume yeyote hajafika, Nyirabahire alikuwa ameshatupa kikapu ukingoni na kuingia chini ya mti kwa bega lake. Kwa desturi mwanamke habebi mti wa machela. Hakuna aliyemwambia autue. Alipanda nao mlima mzima wa ng'ambo, tope hadi mapajani, anahema, macho yake mbele.

"Ahsante, dada," Eugenia alinong'ona.

"Nimesema usiniongeleshe."

Barabara kuu walipata haisi ya abiria, ikawafikisha Kayanga saa nane ikiwa inagonga mlango. Hospitalini muuguzi alitikisa kichwa akasema bingwa anafunga begi. Rwezaura alipiga magoti pale koridoni bila aibu. Muuguzi akaingia, akatoka, akasema, "Haraka basi. Mgonjwa na mwanamke mmoja."

Daktari alikuwa binti wa rika la mdogo wa mwisho wa Eugenia. Alivishika vidole vya Eugenia kimoja kimoja, akabonyeza magoti, akachukua kalamu.

"Shikamoo, mama. Maumivu haya yalianza lini?"

"Juzi tu, mwanangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, vidole havipindi hivi kwa siku mbili. Ugonjwa wa juzi una dawa yake na wa mwaka una dawa yake. Ukinidanganya nitakupa isiyo yako, nami naondoka sasa hivi. Lini?"

Nyuma yake Eugenia alisikia pumzi za Nyirabahire, bado nzito kwa ule mlima. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umezoea njia. Alitaka kuomba jirani atoke nje. Akaona aibu ya kumtoa ni kubwa kuliko ya kusema.

"Mwaka jana, kabla ya Pasaka," alisema. "Siku waliyomzika mama yake huyu. Nilichemsha maharage nimpelekee. Mikono haikupanda. Nikashindwa kufunga kanga, daktari, nikashindwa kutoka. Nikasema nimesafiri."

Nyirabahire akapiga paja lake kofi hadi daktari mwenyewe akashtuka.

"Mwanamke wewe! Mwaka mzima nakulaani! Mwaka mzima napita mlangoni kwako natema mate!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Kanga! Si ungeniita? Ningekuja na msiba wangu, nikufunge hiyo kanga, twende wote tukamzike mama!"

"Niliona haya."

"Haya zako zimenichoma mimi!"

Daktari aliandika haraka, kichwa chini. Alisema ni baridi yabisi, kwamba haiponi kabisa lakini hutulizwa, kwamba vidonge vya dukani basi, na hivi vipya vitachukua majuma kabla ya kuonyesha nguvu. "Hadi hapo, asubuhi zitakuwa mbaya. Utahitaji mtu wa kukuamsha, kukuvisha, kukutekea maji. Unaye?"

"Nitajikaza," alisema Eugenia.

"Ajikaze na nini?" Nyirabahire alifuta uso kwa ncha ya kanga yenye tope. Alimwinamia Eugenia, akapitisha mkono chini ya kwapa lake, akamwinua taratibu sana, kama mtu anayejua pa kushika. "Sikiliza, Mama Spera. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakwambia. Lakini leo usiku msifunge komeo, maana nitakuja asubuhi na mapema, na mikono hiyo haitaweza kunifungulia."